Fremu ya Bei ya Kutupa

"Usimuuzie huyo! Wa kwanza hakurudi!"

Sauti ilitoka nyuma ya pazia, na hapo hapo sehemu ya wiki iliyopita ikaishia; nawe, msomaji, ukalikunja gazeti ukaenda zako. Umeniacha wiki nzima kwenye sebule ya watu, na wanawake wawili wamegeuka mawe mbele yangu. Basi rudi, keti. Hakuna aliyesogea.

Mmoja ni Mkunga. Siku za kazi huzalisha wanawake zahanati, Jumapili hushindana kwa baiskeli. Mwingine ni Msusi, wifi yake, dada wa mumewe. Kati yao, juu ya meza, imelala fremu tupu ya baiskeli ya mashindano, haina magurudumu wala usukani. Ni ya titani, kijivu kama wingu la mvua, nyepesi hata mtu akiinyanyua huangalia kama ameacha kipande chini. Bei yake? Robo ya ile ya dukani.

"Mama yangu huyo," alisema Mwenye Fremu, na tabasamu lake halikupungua hata chembe. "Uzee. Anachanganya watu na miaka."

"Wa kwanza nani?" aliuliza Msusi.

"Wa kwanza nini?"

"Amesema wa kwanza hakurudi. Nani huyo, na hakurudi kutoka wapi?"

"Dada, nimekwambia ni uzee."

"Uzee hupoteza habari, kaka. Hautungi mpya."

Simu ya Mwenye Fremu ikalia. Akaitazama, akasimama, akanyoosha shati. "Samahanini. Mteja wa dharura." Akatoka uani.

Msusi akamshika wifi yake mkono. "Nyanyuka twende. Mtu si daktari, si zimamoto, ana wateja wa dharura wa nini?"

Mkunga hakunyanyuka. Vidole vyake vilikuwa bado juu ya lile bomba la kijivu.

Usimlaumu. Fremu yake ya zamani ilikatika akiwa juu yake, na mbio za mchujo zilikuwa Jumapili iliyofuata. Watatu wa mwanzo wangeingia timu. Kwa umri wake, nafasi hiyo isingerudi tena. Na mumewe, Fundi Makochi, mwanamume asiyejua kusema maneno matamu hata akilipwa, alikuwa ameuza cherehani yake ya kushonea ngozi za makochi bila kumwambia mtu. Fedha aliziweka kwenye mto wa mkewe. Alichosema ni maneno mawili: "Kanunue miguu."

Sasa utanyanyukaje ukaiache miguu mezani?

Pazia likafunguka.

Akatoka bibi mmoja mfupi, ameshika ukuta. Macho yake hayakuwa ya mtu aliyechanganyikiwa. Yalikuwa makavu, na yalimwendea Mkunga moja kwa moja.

"Shikamoo, mama," alisema Mkunga.

"Marahaba. Amekupima?"

"Amenipima, mama."

"Miguu?"

"Miguu. Kwa ajili ya urefu wa kiti."

"Na mabega?"

"Na mabega."

"Baiskeli ina haja gani na mabega yako, mwanangu?"

"Usukani hupimwa kwa upana wa mabega, mama. Ndivyo ilivyo."

Bibi akatikisa kichwa taratibu. "Na kutoka utosini hadi kisigino? Usukani huo pia?"

Mkunga akageuka kuutazama mlango. Kweli alipimwa. Alisimama amenyooka kando ya mlango, na yule bwana akapitisha futi mgongoni kwake, huku akimsifu kwa urefu.

"Njooni," alisema bibi.

Akafungua mlango wa pili, ule waliodhani ni wa stoo. Harufu ya vanishi ikawapiga usoni. Chumba kilikuwa kipana, na mwanga wa mchana uliingia kupitia mabati ya kioo. Sakafuni, maranda ya mbao. Ukutani, misumeno. Na katikati, yamepangwa juu ya stendi kama magari yanayosubiri abiria, majeneza.

"Mama we!" Msusi akajishika kifua. "Wifi! Mteja wa dharura!"

"Mwanangu hufanya kazi halali," alisema bibi. "Watu hufa, lazima wazikwe. Silalamikii hayo. Nalalamikia ile iliyo mezani. Kila anayeitaka, mwanangu humpima mara moja kwa kazi mbili: fremu, na jeneza."

"Unasema anawaua?" Mkunga alinong'ona.

"Hapana. Laiti angekuwa muuaji, ningekwisha kumpeleka polisi mwenyewe. Huyu hataki kusikia, ni jambo baya zaidi." Akameza mate. "Wa kwanza alikuwa kitinda mimba wangu. Mdogo wake huyu. Fremu alimletea huyu huyu, zawadi, ilikuwa imepasuka tangu huko ilikotoka. Akaichomelea kwa mkono wake. Akamwambia mdogo wake, panda, ni nzima. Tukamzika katika sanduku lililotoka chumba hiki. Kaka alilipigilia misumari akilia."

"Pole, mama."

"Wa pili alikuwa mwalimu wa michezo. Huyo alirudi. Mkewe humgeuza kitandani kama mtoto mchanga. Siku ile mwanangu alikwenda kuwapa pole, akaomba aondoe fremu, ati wasiendelee kuiona. Wakamshukuru! Akairudisha hapa, akaichomelea tena, akaipiga msasa, akaitangaza."

"Kwa nini?" Msusi alikuwa amerudi nyuma hadi mlangoni. "Si aitupe?"

"Akiitupa, amekubali kwamba yeye ndiye aliyemuua mdogo wake. Anatafuta mtu mmoja tu wa kuipanda akarudi salama. Ndipo alale."

"Mama," alisema mtu nyuma yao.

Mwenye Fremu alikuwa amesimama kwenye kizingiti, simu mkononi. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Nenda kapumzike, mama."

Bibi akapita kando yake bila kumtazama.

"Ndugu yangu alikufa kwa sababu ya mwendo," bwana yule aliwaambia. "Aliteremka kama kichaa. Chuma hakina dhambi. Na mwalimu alikuwa mzito, nilimwonya. Wewe ni mwepesi. Tangu ulipoingia tu nilijisema, huyu ataimudu."

"Nipe kitambaa na maji," alisema Mkunga.

"Ya nini?"

"Nataka kuiosha fremu shingoni."

Walirudi sebuleni. Mkunga akaigeuza fremu kuelekea dirishani. Pale shingoni, mahali mabomba mawili yanapokutana na kubeba uzito wote wa mtu anapofunga breki, palikuwa na stika ya bendera ndogo nyekundu. Aliilowesha. Akaikwangua kwa ukucha.

"Hiyo ni pambo," alisema Mwenye Fremu haraka.

Stika ikatoka. Chini yake titani haikuwa kijivu. Ilikuwa na rangi ya bluu na zambarau, kama ngozi iliyopigwa. Kila anayeishi na baiskeli anaijua rangi hiyo: chuma kimeungua wakati wa kuchomelewa, kimekuwa kikavu kama biskuti. Mkunga akapitisha ukucha taratibu juu ya kile kiungo. Ukucha ukanasa. Akapitisha tena. Ukanasa pale pale.

Ufa. Mwembamba kama unywele.

"Ni mkwaruzo," alisema bwana.

"Mkwaruzo hauzunguki bomba."

"Nimeiimarisha. Hapo sasa pana nguvu kuliko kiwandani."

Nikwambie siri, msomaji, ambayo Mkunga hakumwambia hata wifi yake. Kwa muda mfupi, akiwa ameuona ufa kwa macho yake mwenyewe, alijisemea moyoni: *Mbio moja tu. Inaweza kuvumilia mbio moja.* Uchu una maneno matamu kuliko posa. Aliziona zile mbio. Alimwona Fundi Makochi kwenye mstari wa mwisho, mikono mfukoni, anajifanya hana habari.

Kisha akamfikiria yule mke anayemgeuza mumewe kitandani.

"Siinunui," alisema.

Msusi akashusha pumzi kana kwamba amekatiwa kamba shingoni. "Asante, Mungu. Bwana, tunashukuru kwa kumpima wifi yangu. Vipimo vyake vifute."

Wakatoka. Jua lilikuwa kali, mtaa una watu, na muuza vocha kando ya geti alikuwa akicheka na mteja. Msusi alianza kuchekacheka mwenyewe, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Lakini hawakuwa wamefika barabarani, mtu mmoja akawapita akiingia, anatembea karibu kukimbia. Alivaa sare ya posta. Suruali ameibana kwa vibanio vya nguo, kama wafanyavyo wapanda baiskeli.

"Samahanini, dada zangu, hapa ndipo panapouzwa fremu ya titani?"

Mkunga akasimama.

"Usiinunue, kaka," alisema. "Ina ufa shingoni. Nimeugusa kwa kidole. Watu wawili wameshaanguka nayo."

Mtu wa posta akamtazama, kisha akamtazama Msusi, kisha akacheka. Kicheko kizuri, cha mtu asiye na ubaya.

"Dada, na mimi nilizaliwa mjini. Mnataka nirudi nyumbani, bei ishuke, muichukue nyinyi kesho. Hongereni kwa kujaribu."

"Haki ya Mungu, nakwambia ukweli! Muulize mama yake!"

"Una watoto?" Msusi akadakia.

"Wawili, na wa tatu yuko njiani."

"Basi wahurumie!"

"Ndio nawahurumia. Nazunguka mji mzima na baiskeli nzito kama kitanda, nikirudi siwezi hata kuwabeba." Akawaaga kwa kichwa, akaingia getini. Wakamsikia akibisha hodi. Wakaisikia ile sauti tamu ikimkaribisha: "Ingia, ndugu yangu. Hebu simama hapo nikuone. Una kimo kizuri sana."

Mkunga alifumba macho.

"Wifi, hapana," alisema Msusi. "Nimekuona unavyofikiri. Hapana! Tumemwonya. Mtu akikataa kuonywa, lawama si yetu."

"Mkewe ni mjamzito. Huenda nikamzalisha mimi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitamwangalia usoni nikiwa nimejua."

Akageuka. Alipoingia sebuleni, mtu wa posta alikuwa amesimama kando ya mlango, amenyooka, na futi imeshashuka mgongoni mwake hadi kiunoni.

"Naichukua," alisema Mkunga. Akaweka fedha mezani. Zote.

"Nilijua tu!" mtu wa posta alifoka. "Si nilisema! Ufa, ufa, kumbe!" Akatoka akilaani wanawake wa mji ule wote bila kubagua, na Mkunga akamwacha amtukane. Mtu anayetukana yu hai.

Mwenye Fremu hakuzigusa fedha. Aliifunga fremu kwenye blanketi la kijivu, polepole, akaikunja pembe kwa pembe. Mikono yake ilijua kufunga.

"Unakwenda kuikata," alisema.

Mkunga alinyoosha mikono aipokee.

"Hukuinunua ili uipande. Naona machoni mwako. Sawa, ni mali yako." Akamkabidhi. Safari hii hakutabasamu. "Lakini itarudi, dada. Huwa inarudi."

Walikwenda moja kwa moja kwa fundi wa kuchomelea na kukata vyuma. Walimkuta ameketi juu ya ndoo, anajipepea kwa kipande cha boksi.

"Umeme hamna tangu asubuhi," alisema. "Na hiyo titani, kwa msumeno wa mkono mtakesha. Njooni kesho."

"Tuitupe mtoni," alisema Msusi.

"Aiokote nani?" aliuliza Mkunga.

Basi wakaipeleka nyumbani. Njiani wakapanga: itafichwa stoo, kesho itakatwa vipande, na Fundi Makochi ataambiwa taratibu, akiwa ameshakula na kuvua viatu.

Lakini Fundi Makochi alikuwa mlangoni. Alikuwa ameacha kochi la mteja limefunuliwa spring nje, jambo asilolifanya kamwe, akaja kusimama mlangoni na pamba kwenye nywele. Alipoliona lile blanketi uso wake ukafunguka. Mkunga hakuwa ameuona umefunguka hivyo tangu walipooana.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo," alisema Mkunga.

"Hebu niishike." Akaichukua kwa mikono miwili. "Lahaula! Mbona kama haipo?" Akamgeukia dada yake. "Nzuri, si ndiyo? Dada, wewe uliiona yote. Nzuri?"

Hapa, msomaji, palihitaji neno moja tu. Msusi alimtazama wifi yake. Mkunga alitazama pale kwenye kona ilipokuwa cherehani ya ngozi. Palibaki alama nne za miguu yake sakafuni.

"Nzuri," alisema Msusi.

"Nzuri sana," alisema Mkunga. "Lakini usiiguse, mume wangu. Nitaifunga mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Safari hii nataka mwenyewe."

Akaguna, akacheka, akaiweka stoo. Kabla hawajakaa, simu ya zahanati ikaita: mama wa mapacha, uchungu umeanza mapema, mkunga wa zamu yuko peke yake. Mkunga akachukua mkoba. Mlangoni akamshika Msusi mkono, akamnong'oneza: "Ukiamka tu, ipeleke ikakatwe. Usinisubiri."

Mapacha walikuja kwa shida, lakini walikuja. Mmoja alianza na miguu. Alipotoka zahanati ilikuwa asubuhi iliyokwisha kuchangamka, wanafunzi wameshapita, maduka yamefunguliwa. Alitembea akijisikia mwepesi. *Imeshakatwa,* alijisemea. *Nitamwambia leo. Atanuna siku mbili, atanisamehe.*

Msusi alikuwa akija mbio kutoka upande wa pili wa mtaa, kanga imemfunguka begani.

"Unayo?" alipiga kelele kutoka mbali.

"Nini?"

"Fremu! Nimekwenda kuichukua, stoo hamna. Nikadhani umeipitia wewe."

Walitazamana. Kisha wote wawili wakakimbilia karakana ya Fundi Makochi.

Kochi la mteja lilikuwa pale pale, limefunuliwa. Sakafuni kulikuwa na blanketi la kijivu, limekunjwa vizuri. Kando yake spana, kopo la grisi, na ile fremu ya zamani iliyokatika, imevuliwa kila kitu: magurudumu hayapo, usukani haupo, mnyororo haupo. Juu ya meza, simu ya Fundi Makochi.

Jirani akachungulia juu ya ukuta. "Mnamtafuta bwana? Huyo amefanya kazi toka alfajiri, anapiga mluzi. Kasema anataka mkewe akirudi aikute imekamilika. Ametoka sasa hivi."

"Ametoka na nini?" Mkunga alijua jibu. Aliuliza tu.

"Na baiskeli mpya! Kasema hakuna chombo mkewe atakachopanda kabla yeye hajakionja breki. Ameelekea mteremko wa tangi la maji."

Msusi alikaa chini, pale pale kwenye maranda na pamba. "Kaka yangu," alisema. "Nilimwambia ni nzuri. Mimi. Kwa mdomo huu."

Mkunga alikuwa ameshaondoka.

Alikimbia na viatu vya zahanati, mkoba unampiga ubavuni hadi akautupa. Alipita sokoni, akapita msikitini, akakata kona ya shule. Watu walimpisha, mkunga akikimbia, watu hupisha. Akafika chini ya mteremko, pale barabara inapoishia kwenye ukuta wa mawe na magari yanakatiza kushoto na kulia. Akainua macho.

Juu kabisa, chini ya tangi, mtu mdogo alikuwa ameegemea baiskeli ya kijivu inayong'aa juani. Mguu mmoja chini, mmoja juu ya pedeli.

"Shuka!" Mkunga alipiga kelele. "Shuka! Usipande! Shukaaa!"

Upepo ulikuwa ukivuma kutoka upande ule, ukamrudishia maneno yake mdomoni. Akaanza kupunga mikono yote miwili juu ya kichwa, akiruka, akilia, akipunga.

Fundi Makochi akamwona. Akamtambua. Mwanamume yule asiyejua maneno matamu akainua mkono wake, akampungia mkewe, mpana, kama bingwa. Alidhani anashangiliwa.

Kisha akaondoa mguu chini.